Bakteria Kwenye Mkojo wa Asiyeumwa

Leo nina neno na wanafunzi wa vyuo vikuu, hasa wasichana, na pia na wazazi wanaowatumia hela ya dawa kwa simu bila kujua dawa yenyewe inakwenda kutibu nini.

Ipo karatasi ndogo inayozunguka sana vyuoni, karatasi ya majibu ya mkojo. Juu pameandikwa jina na umri. Katikati kuna rangi ya mkojo, protini, sukari na seli za usaha, na chini kabisa kuna mstari wa bakteria wenye alama mbili au tatu za kujumlisha. Mwenye karatasi haungui anapokojoa. Haendi msalani kila baada ya dakika kumi. Hana homa, tumbo haliumi, na jana usiku alilala vizuri. Alipima kwa sababu kulikuwa na siku ya afya chuoni na vipimo vilikuwa bure, au mwenzake wa chumbani aliambiwa ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, naye akaingiwa na wasiwasi. Sasa ameshika karatasi, na jua halitazama kabla hajameza kidonge cha kwanza.

Jambo langu ni hili, na nitalieleza mpaka lieleweke: kama huna dalili yoyote, huna mimba, na huna miadi ya upasuaji au uchunguzi wa vifaa ndani ya njia ya mkojo, bakteria hao si ugonjwa. Dawa ya kuwaua haikusaidii, na inaweza kukuletea ugonjwa ambao hukuwa nao.

Najua wengi mmeshtuka. Tumezoea kuamini kwamba mkojo wa mtu mzima wa afya hauna kiumbe hai hata mmoja, na kwamba akionekana basi vita imeanza. Kwa hiyo turudi nyuma kidogo tuone wataalamu walijuaje kutofautisha.

Katika miaka ya 1950, huko Boston, Marekani, daktari mmoja aitwaye Edward Kass alikuwa anasumbuliwa na swali la kawaida kabisa la maabara. Mkojo ukitoka hupita kwenye ngozi, na ngozi ya sehemu za siri ina bakteria wake wa siku zote. Basi kila mkojo ukiwekwa chini ya darubini, au ukioteshwa maabara ili bakteria wazaliane, utawakuta. Utajuaje kama wametoka ndani ya kibofu au wameokotwa njiani? Kass aliamua kuwahesabu. Akaona kwamba watu wanagawanyika: wapo wenye bakteria wachache katika kila mililita ya mkojo, na wapo wenye laki moja na kuendelea, na waliopo katikati si wengi. Mwaka 1956 akatoa kipimo hicho cha 100,000 kwa mililita, na hadi leo maabara za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zinakitumia mkojo unapooteshwa.

Ila katika wale waliovuka laki moja, Kass alikuta watu wasioumwa kabisa. Kwenye kliniki ya wajawazito walikuwa takriban 6 kati ya kila wanawake 100. Alipowafuatilia aligundua kwamba wajawazito hao wasipotibiwa, kwa sehemu yao isiyo ndogo bakteria hupanda hadi kwenye figo. Huo ulikuwa ugunduzi mkubwa na umeokoa akina mama wengi. Nitaurudia baadaye, kwa sababu ndiko ninakoelekea.

Basi watu wakafanya hesabu ya haraka. Kama bakteria wa kimya ni hatari kwa mjamzito, watakuwa hatari kwa kila mtu. Miaka ya 1960 na 1970 maelfu ya wasichana wa shule Marekani na Uingereza walipimwa mkojo wakiwa hawaumwi, na waliokutwa na bakteria wakapewa dawa ili kulinda figo zao. Watafiti wa Cardiff na Oxford wakafanya jambo la busara: baadhi ya wasichana waliwatibu, wengine hawakuwatibu, wakawafuatilia wote kwa miaka minne. Matokeo yalitoka mwaka 1978. Figo za waliotibiwa na za wasiotibiwa zilikua sawasawa. Dawa ilifukuza bakteria, ndiyo, lakini haikumpa msichana faida yoyote ambayo mwenzake hakuipata bila dawa.

Hapo mtu angetegemea suala liwe limekwisha, lakini miaka zaidi ya arobaini baadaye tunakuta karatasi ileile mikononi mwa msichana wa mwaka wa pili.

Twende sasa chuoni kwenyewe. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliofanyika Seattle, Marekani, kwa wanawake vijana 796, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington. Wote walikuwa na uhusiano wa kimapenzi, hakuna aliyekuwa mjamzito, na walifuatiliwa kwa miezi sita. Kwa upande wa wanafunzi, takriban sampuli 5 katika kila 100 zilikuwa na bakteria wa kutosha kuvuka kipimo ilhali mwenye mkojo haumwi. Na wengi wa bakteria hao waliondoka wenyewe. Ilikuwa nadra kumkuta msichana yuleyule akiendelea kubeba aina ileile.

Sitaki kuwaficha upande wa pili wa utafiti huo, kwa sababu kuna msikilizaji makini atakayeuliza. Katika wiki moja baada ya bakteria kuonekana, waliopata UTI ya kweli yenye dalili walikuwa asilimia 8. Pale ambapo bakteria hawakuonekana, ilikuwa asilimia 1. Kwa hiyo ndiyo, mwenye bakteria ana nafasi kubwa zaidi ya kuugua. Lakini geuza hesabu: katika kila mara mia bakteria walipoonekana, mara tisini na mbili wiki ilipita salama. Ukiwapa wote mia dawa, tisini na wawili wamemeza bure. Na wale wanane, ugonjwa ukija utajitangaza wenyewe kwa moto ambao hakuna anayeusahau, na hapo ndipo dawa ina kazi.

Mtu atasema, si afadhali kuzuia kuliko kuponya? Swali hilo lilijibiwa Italia, mjini Florence, na jibu lake ndilo lililonifanya nichague mada hii. Madaktari wa huko walichukua wanawake vijana 673 ambao UTI iliwarudia mara kwa mara siku za nyuma. Hao ndio ungedhani wanahitaji kinga kuliko wote. Wakati wanaingia kwenye utafiti hawakuwa na dalili, ila mkojo ulikuwa na bakteria. Kundi moja likapewa antibayotiki, kundi la pili likaachwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Ndani ya mwaka mmoja, katika kundi lililoachwa waliougua tena walikuwa asilimia 14.7. Katika kundi lililopewa dawa walikuwa asilimia 73.1.

Nairudia polepole kwa anayeandika. Wasiotibiwa, karibu 15 kati ya 100. Waliotibiwa, 73 kati ya 100.

Inakuwaje dawa ilete ugonjwa? Jibu liko kwenye tabia ya bakteria wenyewe. Wengi wa wanaokutwa kwenye mkojo ni E. coli, wa jamii aliyoieleza daktari Mjerumani Theodor Escherich mwaka 1885, na makazi yao ya kawaida ni utumbo wetu. Kwa mwanamke njia ya mkojo ni fupi, kama sentimita nne tu, na mlango wake uko karibu na njia ya haja kubwa, kwa hiyo kusogea kwao si jambo la ajabu wala si alama ya uchafu. Ila E. coli hawafanani. Wapo wanaong'ang'ania kuta za kibofu na kuzichoma, na wapo wanaokaa tu. Huyu anayekaa tu ni kama mpangaji mtulivu: chumba kina mtu, mwizi akija anakuta kuna anayeishi humo. Ukimfukuza kwa dawa, chumba kinabaki wazi, na anayekuja kukaa baada yake hukumchagua wewe.

Na hili si nadharia ya mezani. Katika mji wa Göteborg, Sweden, kulikuwa na msichana wa shule aliyebeba E. coli wa aina moja kwa miaka mitatu bila kuugua. Bakteria yule alihifadhiwa maabara akapewa namba, 83972. Baadaye Catharina Svanborg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lund walimweka kwa makusudi kwenye vibofu vya watu waliokuwa wakiteswa na UTI za kujirudia, na katika muda waliombeba, mashambulizi yalipungua. Daktari amweke mgonjwa bakteria kibofuni ili apone! Miaka mia iliyopita angefikishwa mahakamani.

Ongeza na hili: mwaka huohuo wa 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, walionyesha kwamba hata mkojo uliochukuliwa moja kwa moja kutoka kibofuni kwa mrija, kwa wanawake ambao vipimo vya kawaida viliwaona hawana kitu, una chembe za urithi za bakteria wengi. Kibofu kina wakazi wake. Tulichokuwa tunakiita mkojo usio na kiumbe hai kilikuwa tu mkojo ambao vipimo vyetu havikuweza kuwaona.

Sasa turudi nyumbani, kwenye hema la kupimia mkojo siku ya afya chuoni, kwa sababu mpaka hapa nimekuwa nikichukulia kwamba ile karatasi inasema kweli. Mara nyingi haisemi.

Msichana anapewa kikopo cha plastiki na kuelekezwa chooni. Hakuna anayemweleza lolote. Anakojoa tangu tone la kwanza, kikopo kinajaa, anakirudisha. Kinapangwa mezani pamoja na vingine, na foleni ni ndefu. Ni saa nne asubuhi, hema la turubai, joto la Dar es Salaam. Mkojo wake unafikiwa saa saba. E. coli akiwa na chakula na joto zuri hujigawa mara mbili kila baada ya kama dakika ishirini. Kwa saa tatu hiyo ni mara tisa, maana yake bakteria mmoja aliyeingia kutoka kwenye ngozi anaweza kuwa zaidi ya mia tano. Hata ukisema kwenye mkojo anakwenda nusu ya kasi hiyo, bado mmoja amekuwa zaidi ya ishirini. Mtaalamu anaangalia kwenye darubini anaona wanajaa. Anaandika alama tatu. Hajadanganya, ameandika alichokiona. Alichokiona ni bakteria wa mezani.

Ukitaka kujua kama mkojo wako ulichukuliwa vibaya, tazama kwenye karatasi mstari wa seli za ngozi. Zikiwa nyingi, ujue mkojo umesafiri na vitu vya nje, na hata zile seli za usaha zinaweza kuwa zimetoka ukeni. Mkojo wa kupima unachukuliwa hivi: nawa mikono, tenganisha mashavu ya uke, acha mkojo wa kwanza uende chooni, kinga wa katikati bila kukata, na wa mwisho uache uende. Ufike maabara mapema, ndani ya saa mbili, au ukae kwenye friji. Na kumthibitisha mwanamke kwamba ana bakteria bila dalili kunataka mkojo uoteshwe mara mbili, na mara zote mbili atoke bakteria yuleyule kwa wingi uleule. Alama za kujumlisha za darubini hazitoshi, na kile kijiti chenye vipande vya rangi hakitoshi pia.

Kutoka kwenye hema safari huishia famasi. Nimekaa kwenye benchi la famasi moja jirani na hosteli za wanafunzi nikisubiri zamu yangu, na mazungumzo haya ya msichana mmoja na muuzaji nayakumbuka vizuri.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Lete karatasi." Akaisoma, akageukia rafu. "Hii mbili, bado haijawa mbaya sana. Una shilingi ngapi?"

"Elfu tano."

"Basi nikupe za siku tatu. Bumu la mkopo likiingia uje umalizie."

Msichana akashukuru akaondoka. Bei ilijadiliwa, idadi ya vidonge ikapangwa kufuata hela ya mfukoni, na swali la kwanza kabisa la utabibu, unaumwa wapi, halikuulizwa. Sijui yule msichana angejibu nini kama lingeulizwa. Nashuku angesema siumwi.

Kinachofuata nimekisikia kwa wasichana wengi mno, mpaka naweza kukisimulia bila kujua jina la mtu. Siku ya nne au ya tano anaanza kuwashwa ukeni na kutokwa na uchafu mweupe mzito. Ni fangasi. Antibayotiki imeua bakteria wazuri wa ukeni ambao kazi yao ilikuwa kuwadhibiti fangasi, nao wamepata nafasi. Lakini yeye hajui hilo. Anahesabu kwamba UTI imerudi, tena imerudi na nguvu. Anapima, usaha unaonekana, bakteria wanaonekana. Safari hii anapewa siprofloksasini. Haisaidii, maana fangasi hawaogopi dawa hiyo hata kidogo. Anaambiwa ana "UTI sugu". Anaandikiwa sindano za seftriaksoni, siku tano, na hapo ndipo mzazi kijijini anapigiwa simu auze kuku au akope kwenye kikoba. Msichana aliyeingia kwenye hema akiwa mzima sasa ni mgonjwa wa kudumu, anatembea na chupa ya maji na hofu, na anaamini kizazi chake kimeharibika.

Naumia sana na jambo hili. Ugonjwa huo wote tumeutengeneza sisi watu wazima, kuanzia hemani mpaka famasi.

Na siprofloksasini si peremende. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba dawa za kundi hilo zisitumike kwa UTI ya kawaida pale ambapo kuna dawa nyingine ya kutumia, kwa sababu zinaweza kuharibu kano, misuli, viungo na mishipa ya fahamu, wakati mwingine kwa kudumu. Hiyo ilikuwa tahadhari kwa watu wanaoumwa kweli. Kwa asiyeumwa hakuna hata cha kuweka kwenye mizani.

Kuna na suala la usugu. Hapa Afrika Mashariki ulifanyika utafiti mkubwa uitwao HATUA, katika Tanzania, Kenya na Uganda, wa watu zaidi ya elfu saba waliofika hospitali wakiwa na dalili za UTI. Mkojo wao ulipooteshwa kwa utaratibu, takriban theluthi moja tu ndio waliothibitika kuwa na maambukizi. Hao walikuwa na dalili, jamani! Na katika bakteria waliopatikana, sehemu kubwa walikuwa sugu kwa dawa za makundi matatu au zaidi. Kila kidonge anachomeza mtu asiyeumwa kinapita pia kwenye utumbo wake, kinaua wanaokufa na kuwaacha wasiokufa wazaane. Siku atakapopata UTI ya kweli, ya figo, yenye homa na kutapika, daktari atafungua kabati akute dawa zilizobaki ni chache.

Niseme neno kuhusu aibu, maana imejificha ndani ya habari hii yote. Wasichana wanaambiana kwamba UTI inatoka kwenye vyoo vya hosteli, na wavulana wanasema inatoka kwenye uhuni. Vyoo vya hosteli ni vya kusafishwa kwa sababu ya kipindupindu na kuhara na kwa heshima ya mtu. Ila bakteria wa njia ya mkojo hawarukii kutoka kwenye sinki, wengi wanatoka kwenye utumbo wa mtu mwenyewe. Tendo la ndoa linaweza kuwasukuma kuingia, hilo ni kweli na lipo kwenye utafiti wa Seattle, na linamtokea mke wa mtu aliyetulia nyumbani sawa na linavyomtokea mwanafunzi. Kwa hiyo karatasi ya mkojo haiwezi kutoa ushahidi wa tabia ya mtu. Wavulana kwa upande wao njia ya mkojo ni ndefu, kama sentimita ishirini, na bakteria wa kimya kwa kijana wa kiume ni nadra sana. Mvulana anayeungua anapokojoa asikimbilie kusema UTI. Kisonono na klamidia ndizo za kufikiria kwanza, na hizo zinatibiwa pamoja na mwenza.

Dalili zenyewe ni zipi, basi? Kuungua wakati wa kukojoa. Kwenda haja ndogo mara kwa mara na kutoka kidogo. Kubanwa ghafla usiweze kusubiri. Maumivu chini ya kitovu. Damu kwenye mkojo, ingawa kwa vijana waliokulia Unguja, Pemba, pwani au karibu na mito na mabwawa, damu inaweza kuwa kichocho, na hicho kina dawa yake nyingine kabisa. Ukiona hizo, nenda hospitali, si famasi. Na kama kuna homa, baridi, kutapika na maumivu ya ubavuni, usisubiri kesho.

Uchovu peke yake si UTI. Kuumwa kichwa wiki ya mitihani si UTI. Mgongo unaouma baada ya kukaa maktaba tangu asubuhi si UTI. Mkojo wa njano iliyokolea na wenye harufu kali, mara nyingi sana, ni kiu. Kunywa maji uangalie tena jioni.

Nilisema nitarudi kwa mjamzito, na nimemwacha mwisho kwa sababu yeye ndiye anayenikosesha usingizi.

Katika mimba mambo yanageuka. Homoni zinalegeza mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, kizazi kinachokua kinaikandamiza, mkojo unatuama, na yule bakteria mtulivu anapata njia ya kupanda. Wajawazito wenye bakteria bila dalili wasipotibiwa, kati ya 20 na 35 katika kila 100 wanaweza kupata maambukizi ya figo. Wakitibiwa, wanashuka hadi kati ya 1 na 4. Maambukizi ya figo katika mimba yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati na kumtia mama hatarini. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mjamzito aliyekutwa na bakteria apewe antibayotiki kwa siku saba hata kama haumwi, na kwamba njia bora ya kuwatafuta ni kuotesha mkojo wa katikati.

Lakini huyu ndiye asiyekuja kwenye hema. Ana miezi mitatu, mimba haijaonekana, anavaa sweta la mwenzake na kukaa nyuma darasani. Anaogopa nyumbani, anaogopa kukutana na mtu anayemfahamu kwenye benchi la kliniki. Hema linapima mkojo wa mamia ya wasiohitaji kupimwa, na mmoja anayehitaji amejifungia chumbani. Wengine wanajua. Mwenzake wa chumbani karibu kila mara anajua.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa serikali za wanafunzi na vituo vya afya vya vyuo: ile bajeti ya vijiti vya kupimia mkojo siku ya afya, ipelekeni kwa mjamzito huyu. Wekeni muuguzi mmoja, mlango mmoja usioandikwa kitu, na makubaliano na hospitali iliyo karibu yenye uwezo wa kuotesha mkojo. Na wewe mwenzake wa chumbani, ongozana naye kliniki mapema, kabla ya mwezi wa nne ikiwezekana. Kwenye kliniki nyingi mkojo hupimwa protini na sukari tu, kwa hiyo mkumbushe aulize kama unaweza kuoteshwa. Akiandikiwa dawa amalize siku zote saba, na baada ya hapo mkojo uoteshwe tena kuhakikisha wameisha. Mahali popote atakapopewa dawa, ataje kwamba ana mimba hata kama hajaulizwa, maana siprofloksasini huepukwa katika mimba na dawa nyingine iitwayo nitrofurantoini haifai karibu na kujifungua. Kama hawezi kulitamka mbele ya watu, aliandike kwenye kipande cha karatasi ampe mhudumu.